Jozi Nne za Viatu Kwenye Chumba cha Baba

Harufu ya rangi ya viatu ikinipitia puani, hata leo, hata nikiwa napita tu mbele ya kibanda cha fundi nisiyemjua, narudi moja kwa moja jikoni kwetu Walthamstow, Jumapili jioni. Baba kakaa kwenye kigoda, gazeti kalitandaza sakafuni, anasugua viatu vyake vyeusi mpaka taa ya dari inaonekana kwenye ncha zake. Jiko la mafuta ya taa linanguruma pembeni, vioo vya dirisha vimetoka jasho, na Mama anapiga pasi suruali ya sare, ile ya bluu iliyokoza, juu ya kitambaa kilicholoweshwa maji. Mvuke wa sufi na ile rangi vikichanganyika, nyumba nzima ilinuka kazi ya Baba. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mdogo wangu Sele saba, na tulidhani kila baba wa London huandaliwa hivyo.

Kazi yenyewe ilikuwa kulinda chumba kimoja katika jumba kubwa la sanaa katikati ya mji, jumba ambalo watu hupanda ndege kuja kulitazama. Kulinda maana yake kukaa kwenye kiti cha mbao pembeni, kusimama kila baada ya muda, kutembea hatua kumi kwenda na kumi kurudi, na kuwaomba watu wasiguse. Unguja Baba alikuwa mwalimu wa historia na jiografia, na wanafunzi wake wakimwona njiani walikuwa wakishuka kwenye baiskeli zao. Baada ya mapinduzi tuliondoka kama walivyoondoka wengi, na London vyeti vyake vilitazamwa, vikasifiwa kwa mwandiko mzuri, vikarudishwa ndani ya bahasha. Yeye alisema kazi mbaya si mchezo mwema, akaenda kupimwa sare. Mama ndiye aliyeona uzito. Akikutana sokoni na mtu wa nyumbani akaulizwa mumewe yuko wapi siku hizi, alikuwa akijibu, "Yuko kwenye jumba la serikali," na hapo hapo anashusha sauti na kuuliza bei ya vitunguu.

Sasa, hayo ya kushusha sauti yangetuendea vizuri tu lau isingekuja barua ya Mjomba Khamis. Mjomba alikuwa kaka mkubwa wa Mama, afisa katika wizara moja Dar es Salaam, na kwa kuwa babu alikwisha fariki, ndiye aliyemwozesha Mama kwa Baba. Aliandika kwamba anakuja London kwa kozi ya wiki sita. Halafu akaandika maneno ambayo Mama aliyasoma amesimama, akayasoma tena amekaa: huku watu wanasema shemeji amekuwa bawabu, mimi nimekataa kuamini, nitakuja kuona kwa macho yangu, na ikiwa ni kweli basi ni heri wewe na watoto mrudi nami mkae kwangu, kuliko kulelewa kwenye aibu. Barua niliiona kwa sababu Mama aliiacha juu ya meza, na mimi mtoto wa kike mdadisi sikupewa macho ya bure. Nilisoma neno "mrudi nami" mara mbili. Dar sikuijua. Baba nilimjua.

Baba aliisoma akaikunja vizuri. Mama akamwambia, "Mpeleke popote, mpeleke akaone daraja, akaone mto, lakini kule kazini usimpeleke." Baba akasema, "Bi Salma, alichokisikia si uongo. Mimi ni bawabu. Mwache aje auone mlango wenyewe." Siku ile ndipo tulipoanza kuipanga ziara, na naapa hakuna harusi iliyowahi kupangwa nyumbani kwetu kwa uangalifu namna ile.

Shida ya kwanza ilikuwa kwamba Baba Jumamosi yuko zamu. Asingeweza kutuongoza, ilibidi tumfuate wenyewe mpaka chumbani kwake. Basi akachukua kipande cha karatasi ya ukutani kilichobaki tulipobandika sebuleni, akakigeuza, na mgongoni akachora jumba zima kwa penseli, ngazi kwa ngazi, mlango kwa mlango, kwa mkono ule ule uliokuwa ukichora mito ya Afrika ubaoni. Sele akataka tuone kila kitu. Baba akamwambia mtaka yote hukosa yote, mle ndani kuna vyumba vya kumchosha farasi, watu huingia asubuhi na furaha zao wakatoka jioni wamenuna, miguu imevimba na hawakumbuki hata picha moja. Akachagua vitu vitano tu, cha mwisho kikiwa zulia la chumbani kwake. Njia aliyoichora kutoka cha tatu kwenda cha nne ilizunguka kama nyoka, na nilipomuuliza kwa nini tusikate katikati alikohoa, akasema katikati kuna masanamu ya watu ambao hawakuwahi kununua nguo, na mjomba wenu hawezi kuyapita akiwa na dada yake.

Kila usiku baada ya chakula tulifanya mazoezi. Viti vya sebuleni vikawa vyumba, kochi likawa ngazi kuu. Kila mmoja alipewa kitu cha kumweleza Mjomba, na kwa Kiswahili, maana Baba alijua kabisa kwamba tulikuwa tumeanza kuwajibu yeye na Mama kwa Kiingereza. Sele akiteleza tu, Baba alijifanya kiziwi, anaangalia dari mpaka mtoto arudie. Mimi nilipewa zulia, nikayahifadhi maelezo yake kama sura ya Kurani. Mama alikuwa na maandalizi yake. Nyumba ya watu haiendwi mikono mitupu, akasema, na kazini kwa mume ndiyo zaidi, kwa hiyo akaoka vileja kikapu kizima, vya hiliki, kwa ajili ya wenziwe Baba. Hata Baba alipomwambia kwamba mle hakuliwi, Mama alimjibu kwamba hajawahi kuona mahali pasipoliwa vileja.

Mjomba alifika, mrefu, suti ya kijivu, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. Alikula, akasifu chakula, akamuuliza Mama kuhusu baridi, na kuhusu kazi ya Baba hakuuliza neno. Kunyamaza kwake kulimuumiza Mama kuliko swali. Ijumaa jioni Baba alikusanya viatu vyetu vyote, vya Mjomba pia, akavipiga rangi kimya kimya jozi baada ya jozi. Asubuhi tulivikuta vimepangwa mlangoni, Baba keshaondoka.

Tulipanda treni ya chini ya ardhi, mimi nimeshika ramani kifuani. Mlangoni pa jumba Mama alinyang'anywa kikapu kwa adabu sana, akapewa kibati chenye namba. Mjomba akasema, "Ama kweli, London hata vileja vina tiketi." Mama hakucheka. Vitu viwili vya kwanza vilikwenda sawa, Sele akaeleza picha yake ya meli bila kuteleza, Mjomba akaitikia kwa kichwa. Cha tatu pia. Nikajiona kiongozi hodari, na hapo ndipo nilipoharibu. Nilikuwa nimeigeuza ramani ili nisome jina la ngazi, nikasahau kuirudisha. Nikawaongoza kwa mwendo wa kujiamini, nikafungua mlango mzito wa vioo, na tukajikuta katikati ya wale wasionunua nguo, weupe, wakubwa, kila upande. Mama alivuta mtandio mpaka puani. Mjomba akainua uso, akaanza kuchunguza nakshi za dari kwa makini ya mhandisi, akatembea hivyo hivyo mpaka akajigonga goti kwenye benchi. "Macho hayana pazia," akasema taratibu akilisugua goti, na sikuweza kujua kama amekasirika. Mimi nilitaka kulia. Niliwaza kwamba tiketi ya Dar nimeikata mimi mwenyewe.

Kwa hiyo tulipofika chumbani kwa Baba tulikuwa tumechelewa, tumechoka na tumeaibika, na labda ndiyo maana ikatokea iliyotokea. Chumba kilikuwa kikubwa, chenye mwanga hafifu, na kati yake, chini, nyuma ya kamba, limelala zulia lililofumwa zamani kwa ajili ya msikiti, bahari ya maua mekundu na buluu. Baba alikuwa kwenye kiti chake pembeni. Mama aliliona zulia, na bila kuwaza, kama ambavyo angefanya mahali popote pa namna ile, akavua viatu mlangoni. Mimi nikavua. Sele akavua. Mjomba, afisa wa wizara, akainama akafungua kamba zake naye akavua, na kwenye soksi ya kulia kidole gumba kikachungulia nje. Tukaingia bila viatu juu ya sakafu ya mbao. Jozi nne zilibaki kizingitini, zinang'aa, na wageni wengine wakawa wanaziruka.

Hatukuwahi hata kumsalimia Baba. Msimamizi wake, mtu mpana mwenye funguo kiunoni, aliingia akasimama mbele ya viatu vile. Akauliza kwa sauti ya kufika kila kona, hivi ni vya nani. Mama alikauka. Mjomba hakumtazama msimamizi, alimtazama Baba. Na mimi niliyekuwa nimesoma barua nilijua anatazama nini. Baba angeweza kukaa kimya. Angeweza kutuamuru tuvae, kama anavyowaambia wageni wasiguse, na kazi yake ingebaki salama.

Baba akasimama. Akasema kwa Kiingereza chake cha darasani, kisicho na haraka, kwamba viatu vile ni vya mkewe, vya watoto wake na vya shemeji yake, na kwamba kwa desturi yetu zulia la namna hii huvuliwa viatu. Kisha, kwa kuwa watu walikwisha simama kusikiliza, hakukaa. Aliendelea. Alieleza limefumwaje, rangi nyekundu hupatikana wapi, maua yameanzia upande gani. Akasema, tazameni ukingo wa kushoto, kila ua lina majani matano. Sasa nendeni kulia, mhesabu. Msimamizi naye akaenda, akainama, akahesabu kwa kidole. Sita. Baba akasema halikuandikwa popote pale ukutani, lakini yeye kakaa nalo miaka minne na ameona kwamba waliolifuma walikuwa wengi, na mmoja wao alikuwa na hesabu yake mwenyewe, na hakuna aliyeifumua kazi yake. Msimamizi akajikuna kidevu, akasema hajawahi kuliona hilo, halafu akaomba tu viatu visogezwe ukutani, mtu asijikwae.

Mimi niliondoka mbio kuvisogeza, lakini Baba alinitangulia. Aliinama na sare yake yote, akaviokota jozi moja moja, akavipanga ukutani, ncha zikitazama nje, ili mwenye navyo akitoka avae bila kugeuka. Alipofika kwenye viatu vya Mjomba, Mjomba akamshika mkono. "Shemeji, tafadhali, viatu vyangu usishike." Baba akamwambia, "Leo uko kwangu, shemeji. Mimi ndiye mwenyeji." Akavipanga. Kisha akakivuta kile kiti cha mbao akampa, na Mjomba akakaa, kidole gumba nje, mikono juu ya magoti, akaniambia, "Haya mwanangu, nawe nieleze." Nikaeleza sura yangu yote kwa Kiswahili, mwanzo mpaka mwisho, na Baba akiwa amesimama nyuma yangu kama alivyokuwa akisimama darasani. Nilijaa fahari.

Saa ya mapumziko Mama alikomboa kikapu chake, tukala vileja nje kwenye vidato pamoja na wenziwe Baba watatu, na hapo Mama alishinda ubishi wake. Mjomba alirudi Dar peke yake. Barua yake iliyofuata ilikuwa fupi, na Mama aliibandika jikoni mpaka ikageuka rangi: wote walioniuliza nimewajibu kwamba ni kweli shemeji ni bawabu, na kwamba mimi nimekalia kiti chake.

Mwezi uliopita nilikwenda na binti yangu. Yeye aliipanga ziara kwa simu akiwa anasubiri chai ipoe, saa ya kuingia, njia ya kupita, kila kitu kinang'aa kiganjani, na simu haikutuzungusha kuwakwepa wasionunua nguo. Sikumlaumu. Zulia sasa liko chini ya kioo, taa huwashwa kwa dakika chache tu ili rangi zisife. Pembeni palikuwa na kijana wa zamu, kiti chake kina mto, na ukutani pameongezwa maelezo marefu ambayo mstari wake mmoja unasema kwamba maua ya kushoto na ya kulia hayafanani majani. Hakuna jina la aliyeliona kwanza. Nilisimama nikausoma mara tatu, nikakumbuka Mama akiulizia bei ya vitunguu. Kijana akaja, akaniuliza kama nahitaji msaada, na nikamwambia kwamba hilo la majani aliligundua baba yangu. Akauliza kwa heshima kama Baba alikuwa mtaalamu wa hapa. Nikamwambia alikuwa bawabu wa chumba hiki, na sikushusha sauti.