Mtamba wa Mwalimu Linda

Jirani yangu hapa Malindi anafuga kuku, na kila asubuhi huloweka pumba za mchele kwenye karai lililo chini ya dirisha langu. Harufu ya pumba zilizolowa, tamu kidogo na chachu kidogo, hupanda mpaka kitandani na kunikuta sijafumbua macho. Wapo wanaofurahi wakinusa utoto wao. Mimi hufunga dirisha. Hata joto liwe la namna gani nalifunga, na jirani anadhani nina maringo.

Nyinyi nitawaambia sababu. Sisi ni Waorma, watu wa ng'ombe, na boma letu lilikuwa nje kidogo ya Tarasaa, upande wa nyika. Aba, yaani baba yangu, alikuwa na mifugo mizuri. Ni mingapi sijui, kwa kuwa kwetu kumhesabia mtu ng'ombe wake ni kumtakia wapungue. Lakini jina la kila mmoja nalijua, na jina la mama yake, na Aba alijua mpaka la bibi yake na bibi wa bibi yake. Wengine walilala kwa kusomewa hadithi. Sisi tulilala kwa kutajiwa koo za ng'ombe.

Nilipokuwa darasa la tatu akaja Mwalimu Linda kutoka Marekani kutufundisha sayansi. Wahenga walisema mgeni ni kuku mweupe, na huyu alikuwa mweupe kweli, kisha mwekundu, kisha akaanza kubambuka pua. Kiswahili alikisomea chuoni kwao, kikawa safi kuliko chetu sote, ndiyo maana hakuna aliyemwelewa. Akiingia dukani husema, "Samahani, je, ungeweza kunipatia kiberiti?" Muuza duka humtazama, humngoja amalize, kisha humuuliza, "Haya, wataka nini?"

Wiki yake ya kwanza alitoka alfajiri akikimbia kwenye barabara ya Malindi. Kwetu mtu mzima hakimbii bure. Akikimbia, ama kuna nyati ama kuna vita. Wanaume waliokuwa wakitoka msikitini wakashika fimbo zao wakamfuata. Mwalimu akageuka, akaona kundi la wanaume wenye fimbo liko nyuma yake, akaongeza mbio. Nao walipoona ameongeza wakajua hatari imekaribia, wakaongeza. Walipomfikia wote walikuwa hoi. Amu yangu akamuuliza, "Kuna nini?" Naye akajibu kwa adabu zote, "Hakuna neno, wazee wangu, ninafanya mazoezi." Walirudi polepole bila kusemezana, na kwa muda mrefu ukitaka kumuudhi amu ulimuuliza tu kama amefanya mazoezi.

Kumbe kwao alikuwa binti wa mfugaji. Tulilijua hilo siku ng'ombe wetu mmoja aliposhindwa kuzaa. Aba na amu walihangaika naye mpaka jua likawa kali, na mwalimu akapita kwa baiskeli yake, akasimama, akatazama. Akavua saa, akaomba maji na sabuni, akaingiza mkono mpaka begani. Mama akajifunika uso kwa mtandio. Sisi watoto tulisahau kufunga vinywa. Alipovuta mara ya mwisho alianguka chali kwenye mavi ya ng'ombe akiwa na ndama juu ya mapaja, ndama jike mwekundu, hai, naye akacheka kwa sauti kubwa kama mtoto.

Aba alimwangalia sana. Kisha akasema, "Mwalimu, hii umetoa na mkono yako. Hii ni yako."

Akaitwa Dima, maana yake nyekundu. Mwalimu alitaka aitwe jina la shangazi yake, na Aba akamuuliza taratibu kama huyo shangazi ana habari.

Mwalimu alidhani ni maneno ya heshima, kama mtu kumwambia mgeni kwamba nyumba hii ni yako. Kwetu si hivyo. Ukimpa mtu ng'ombe, ng'ombe hubaki zizini mwako na maziwa mnakunywa nyinyi mnaochunga, lakini ni wake, humuuzi, humchinji, na yeye tangu siku hiyo ni ndugu yako. Kila Jumamosi mwalimu alikuja na kofia pana na burashi yake ya nywele, akamchana Dima mgongo na shingo akimwongelesha Kiingereza. Dima akawa anamngoja. Aba alikuwa akitazama kwa mbali, amefurahi, akiona mgeni anajua wajibu wake.

Kisha mvua zikakosa kunyesha. Msimu wa kwanza watu walisema zimechelewa. Msimu wa pili hawakusema kitu. Majani ya nyikani yakaisha mpaka mizizi, wachungaji wa mbali wakateremka na makundi yao kuelekea kwenye majani ya delta, na Wapokomo wenye mashamba kandokando ya mto wakawa wanalala shambani kulinda mpunga wao. Kila mtu alimwogopa mwenzake, na kila mtu alikuwa na haki.

Mwalimu alimwambia Aba kwamba kwao, majani yakianza kuisha, baba yake alikuwa akiuza ng'ombe mapema wangali na nyama. Alisema kwa nia njema, na leo naona alikuwa na busara. Aba alimsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa, akamwambia, "Hapana, Mwalimu. Hawa wanajuana." Jioni alimwambia mama kwamba maskini, yule mwanamke alilelewa na baba mgumu.

Haikupita muda Mwalimu akapata habari kwamba mama yake ni mgonjwa sana huko Marekani. Aliondoka kwa haraka. Alikuja kutuaga, akamkumbatia mama, akamchana Dima, akaenda. Hakusema Dima afanywe nini. Angesemaje, na yeye hakujua kwamba Dima ni wake?

Hapo ndipo pumba zilipoingia nyumbani kwetu. Aba alizifuata mashineni Tarasaa kwa baiskeli, akaziloweka kwenye karai, akamlisha Dima peke yake. Wengine walisimama pembeni wakinusa. Kila alfajiri walikuwapo walioshindwa kuamka, nasi tukawanyanyua: Aba na amu pembeni, kaka zangu pembe, mimi na mama mkia. Ng'ombe aliyekondeana ni mzito kuliko mnene, sijui kwa nini. Ukimsimamisha hutetemeka, na usipomwegemeza huanguka tena, na siku inafika unamshika mkia naye anageuza kichwa kukutazama, kama anayekuomba umwache. Walikwenda mmoja mmoja, pamoja na mama yake Dima, na kila mmoja Aba alimtaja jina.

Mama alivumilia mpaka siku alipotunywesha chai ya rangi asubuhi na jioni kwa kukosa tone la maziwa. Akatoka nje, akasimama mbele ya karai. "Watoto wako wanakunywa maji ya moto," akasema, "na mtamba wa mtu aliye ng'ambo anakula pumba."

Aba alijibu bila kuinua kichwa. "Mwenyewe hayupo. Angekuwapo ningemwacha afe kama wangu."

Nilimchukia Dima siku ile. Nilimpiga ngumi ubavuni wakati hakuna anayeona, na mkono ndio ulioumia.

Pumba nazo zikakosekana. Aba akawachukua wachache waliobaki, Dima akiwa mbele yao, akawapeleka upande wa Kau, karibu na mto unapoingia baharini, ambako watu walisema yamebaki majani ya majimaji. Alikwenda peke yake. Alirudi kwa miguu bila ng'ombe hata mmoja, amekonda, na ngozi moja nyekundu iliyokunjwa begani. Mama hakuuliza. Alimpa maji ya kuoga.

Kwetu mtu akifiwa na ng'ombe unakwenda kukaa naye. Unamuuliza, ilikuwaje? Akuambie alianza lini kudhoofika, alianguka wapi, alielekea upande gani, na wewe unaitikia ee, ee, mpaka aseme yote. Si upuuzi huo. Ndiyo mazishi yenyewe. Lakini msimu ule hakuja mtu bomani kwetu, wala sisi hatukwenda kwa mtu. Wanasema kifo cha wengi ni harusi. Aliyesema hivyo sidhani aliwahi kuona ukame. Kila boma lilikuwa na wafu wake, na hakuna aliyebaki na nafasi moyoni ya kusikiliza wafu wa mwingine.

Mvua zilikuwa zimeanza kunyesha, zikinyeshea nyika tupu, Mwalimu Linda aliporudi. Aba alivaa kikoi safi, akachukua ngozi, akanishika mkono, tukaenda nyumbani kwake.

Akaweka ngozi juu ya meza. "Mwalimu," akasema, "ng'ombe yako imekufa."

Mwalimu alishika mdomo. Macho yake yakajaa machozi, hilo nililiona. Akaushika mkono wa Aba kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mzee wangu. Tafadhali usijilaumu hata kidogo. Ni ng'ombe tu. La muhimu ni kwamba nyinyi ni wazima."

Aba akaketi kitini. Kisha akauliza, "Na mama?"

"Alifariki."

"Inna lillahi. Alikufa namna gani?"

Nadhani tangu afiwe hakuna aliyewahi kumuuliza hivyo. Mwalimu akaanza kueleza. Alisema kwamba alichelewa ndege, kwamba alimkuta mama yake hasemi lakini anasikia, kwamba dirisha lilikuwa wazi na kulikuwa na baridi. Kiswahili safi kikamponyoka, akaongea ovyo kama sisi. Aba aliitikia ee, ee. Aliuliza ni nani aliyemfumba macho. Aliuliza kama kaburi liko karibu na la mumewe. Hakuharakisha hata kidogo. Mwalimu alilia mpaka akamaliza, akajifuta, akashusha pumzi, na uso wake ukawa mwepesi.

Aba alikaa wima kwenye kiti, mikono juu ya magoti, akimtazama. Mimi nilidhani anangoja chai.

Mwalimu akainuka. "Mmekula?" akauliza, akatuletea biskuti.

Tulipokuwa tunarudi nilimwambia Aba kwamba mwalimu ni mtu mzuri, maana hakugomba. Akasema, "Ndiyo. Hakugomba." Biskuti yake akanipa mimi.

Aba hakufuga tena. Mwalimu alikaa mwaka mwingine, akaaga, akalia, akaondoka, na mpaka leo ninampenda. Hakuuliza ilikuwaje, kwa sababu alitaka kumpunguzia Aba uchungu. Kwao, nadhani, jeraha huachwa bila kuguswa. Niliyaelewa haya nilipompoteza mtoto wangu wa kwanza, na wanawake wakaja, wakakaa, wakaniuliza mmoja baada ya mwingine, ilikuwaje? Niliwachukia. Niliwaeleza. Kisha siku moja nikaweza kumeza ugali. Hapo nikamwona Aba kwenye kile kiti, na nikajua alikuwa anangoja nini. Katika nchi nzima ya watu waliofiwa, mwalimu peke yake alikuwa amepoteza ng'ombe mmoja tu. Yeye peke yake alikuwa na nafasi.

Mwaka jana nilikwenda Garsen, anakoishi Aba sasa kwa kaka yangu. Nilimkuta ameketi kivulini, mzee, safi, mikono haina kazi. Nikaketi chini karibu naye kama inavyotakiwa. Nikamwambia, "Aba, nimekuja kukuuliza. Kule Kau, Dima alikufaje?"

Alifikiri kwa muda mrefu. Nilimwona akitafuta kweli, midomo ikicheza, kama zamani alipokuwa akitutajia bibi wa bibi wa ng'ombe. Halafu akanigeukia kwa upole, akaniuliza kama mtu anayeuliza habari za majirani.

"Dima," akasema. "Alikuwa wa nani huyo?"