Zamu Yangu Kwenye Mtelezo

Watu wa rika langu kutoka upande wa Kabati wakikumbuka Mtelezo, husema ukame ndio ulioufunga. Si uongo, lakini maelezo hayo hayatoshi. Ukame wa miaka ile ya themanini ulikausha vitu vingi, na vingi vilirudi mvua iliporudi. Mtelezo haukurudi. Siku ulipokwisha nilikuwepo, nimekaa kileleni mwake, kwa hiyo nitaeleza nilivyoona.

Mtelezo palikuwa mahali pa watoto kuchezea maji. Najua jambo hilo linavyosikika kwa mtu anayeijua Kitui, ambako maji hayachezewi. Mwenyewe alikuwa mzee aliyeendesha lori kati ya Mombasa na bara kwa miaka mingi. Huko pwani, kwenye hoteli alikopeleka soda, aliona watoto wa wageni wakiteleza kutoka juu na kutumbukia bwawani. Alipoacha kazi alirudi nyumbani na wazo hilo moja. Shamba lake lilikuwa chini ya jabali, mojawapo ya yale mawe makubwa yenye upara yaliyotapakaa kwetu. Kila mvua ilipopiga, maji yaliteremka juu ya jiwe na kupotea bondeni. Alijenga ukuta wa mawe kuyakinga, akachimba bwawa, akalisakafia kwa saruji. Kando yake akasimamisha ngazi ndefu, na kutoka juu ya ngazi akashusha mtelezo wenye kona moja na kingo pande zote mbili. Ulipakwa ile rangi nyekundu ya sakafu na kusuguliwa mpaka ukang'aa kama sebule ya mwalimu mkuu.

Kileleni kulikuwa na pipa lenye bomba. Mtoto alikaa juu ya kipande cha gunia, bomba likafunguliwa, maji yakatangulia na yeye akafuata. Pembeni palikuwa na bembea ya kuzunguka iliyoundwa kwa ekseli ya lori, ambayo ililia kama punda. Hiyo ilikuwa ya wadogo. Sisi wengine tulikwenda kwa ajili ya mtelezo.

Mwanzoni bwawa lilijazwa na jiwe lenyewe. Kisha mvua moja ikawa haba, na iliyofuata ikakataa kabisa. Maji yakashuka. Mzee akatangaza njia mpya: mtoto akileta mtungi wa maji kutoka mtoni na kuumimina bwawani, amepata zamu moja. Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, lakini ukichimba mchangani unapata maji, na wakati huo hayakuwa mbali sana chini. Watoto waliomkimbia mama yao akitaja mtungi sasa walikimbilia mtoni kabla ya kuitwa. Wazazi waliona hayo na hawakusema kitu. Sisi tulidhani hawajali.

Tatizo langu lilikuwa saa. Nilikuwa binti wa kwanza, na Jumamosi nilianza na maji ya nyumbani. Niliyabeba mgongoni kwa mukwa, ule ukanda wa ngozi unaopita kwenye paji la uso, hadi mapipa ya jikoni yajae. Baada ya hapo ndipo niliporudi mtoni kwa ajili ya mtungi wa Mtelezo. Nikifika, jua lilikuwa limekwisha kuelekea nyuma ya jabali na mzee alikuwa amefunga bomba. Hakutaka watoto warudi nyumbani wamelowa jioni, kwa sababu mama zao wangemjia juu.

"Binti, mimina hapo," aliniambia. "Zamu yako ipo. Jumamosi ijayo wewe wa kwanza."

"Ulisema hivyo Jumamosi iliyopita, Mzee."

"Na bado ni kweli."

Nyumbani kaka yangu alikuwa akinisubiri. Yeye alichunga mbuzi upande uleule wa jabali, kwa hiyo alifika mapema, na alikuwa ameteleza mara nyingi kuliko mtoto yeyote wa kijiji chetu.

"Punda wa Mzee amerudi," alisema. "Leo umeteleza?"

"Zamu yangu ipo."

"Ipo wapi? Umeificha kwapani?"

Nilivua mukwa. Aliendelea. "Ile kona, ukiifikia, tumbo linabaki nyuma. Unafika majini kabla yake. Lakini huwezi kujua. Wewe unajua mtungi."

Ningeweza kuacha. Nilifikiria jambo hilo nikitembea, maana kutoka mtoni hadi kwa mzee kuna nafasi ya kutosha ya kufikiri, na kila mara nilifikia uamuzi uleule. Nikiacha, mitungi yote niliyokwisha kupeleka ingekuwa bure. Nikiendelea, iko siku mzee atakosa neno la kuniambia. Mama yangu, ambaye kwa Kikamba tulimwita mwaitu, alinitazama nikijifunga mukwa mara ya pili mchana uleule. Hakunizuia. Siku moja tu aliuliza, "Bado hajakutelezesha?"

"Bado."

"Haya," alisema, akaendelea kupembua kunde.

Kiangazi kikazidi. Ulifika wakati wa kupanga foleni ya mahindi ya njano ya msaada. Mashimo ya mtoni yakawa marefu hivi kwamba mtu mzima alisimama ndani na asionekane, na maji yalichotwa kwa kikombe. Punda walianza kulala njiani. Katika hali hiyo, Jumapili moja baada ya ibada, akina mama wa kikundi cha mwethya walibaki kwenye kivuli cha ukuta wa kanisa. Mwethya ni kazi ya pamoja: leo tunachimba matuta kwa huyu, kesho kwa yule. Halipwi mtu, ila anayefanyiwa naye huja kufanya. Nilikuwa nimekaa karibu na mwaitu, nimembeba mdogo wangu, nikasikia yote.

Mwenyekiti wao, mwanamke mrefu aliyekuwa na sauti ya chini, ndiye aliyeanza. "Watoto wetu wamemfanyia mzee wa lori mwethya tangu mvua ikatae. Yeye ametufanyia nini?"

"Amewatelezesha," mmoja akajibu.

"Kutelezeshwa nako ni kazi?"

Walicheka, lakini mwaitu hakucheka. "Wangu hata hajatelezeshwa," alisema.

Asubuhi ya Jumatatu walikwenda, na mitungi, na punda waliobaki na nguvu. Watoto tuliandamana nao, kwa kuwa shule ilikuwa imefungwa. Mzee alitoka akakuta wamejaa kwenye lango lake la miiba.

"Mama zangu, hapa si kisima," alisema. "Haya ni maji ya kuchezea. Watoto wameoga humo."

"Watoto wa nani?" mwenyekiti akauliza.

"Wenu."

"Basi tunawajua. Ni wachafu, lakini tunawajua. Tutachemsha, na mengine ni ya mbuzi."

"Lakini kila mtoto nilimpa zamu yake. Hayo tulimalizana."

"Uliita mwethya, Mzee. Hukujua ni mwethya, lakini uliita. Na sisi leo tunakuita."

Nafikiri hapo ndipo alipoona kosa lake. Mtu wa mbali angebisha. Yeye alizaliwa kwetu, ingawa miaka ya barabarani ilikuwa imemsahaulisha kwamba maji yaliyobebwa na mtoto wa mtu ni jasho la nyumba ile. Alivua kofia yake, akaitazama ndani kana kwamba kuna kitu amekidondosha humo. Kisha akaondoa miiba langoni, akachukua mtungi wa bibi mmoja aliyekuwa mzee kuliko wote, akaenda kumchotea mwenyewe.

Nilisimama ukingoni nikitazama bwawa likishuka. Akina mama wale walijua kuchota. Kwa mwendo ule, kabla ya chakula cha mchana chini pangekuwa na tope tupu. Nilikwenda nikasimama mbele ya mzee.

"Mzee, zamu yangu."

"Zamu gani tena, binti? Huoni?"

"Naona. Ndiyo maana nimekuja sasa."

Alikuwa ameshika ndoo. Aliniangalia, kisha akaangalia juu kwenye pipa, ambalo lilikuwa tupu. "Sikatai," alisema. "Lakini maji si yangu tena. Muulize mama yako."

Mwaitu alikuwa amekwisha kujaza mtungi na kuufunga, ukanda uko kwenye paji la uso, anataka kuinuka. Nilichuchumaa mbele yake.

"Mwaitu, nipe huo mtungi."

"Wa nini?"

"Tuumwage pale juu, niteleze."

Wanawake waliokuwa karibu waliacha kuchota. Nilijua nina nafasi moja, kwa hiyo nilieleza polepole, kama nilivyokuwa nimejieleza mwenyewe njiani siku nyingi. Mtelezo una kingo pande zote mbili. Maji yakimwagwa juu hayana pa kwenda isipokuwa bwawani. Yakifika bwawani tunayachota tena. Hatupotezi chochote ila muda.

"Na yatakayobaki kwenye nguo yako?" mwaitu akauliza.

"Nitaikamua humohumo ndani ya bwawa."

Hapo walicheka wote. "Huyu akiolewa," mmoja akasema, "mume atakuwa na kazi ya kujieleza."

Mwaitu alikaza ukanda. Kisha aliinuka, mtungi uko mgongoni, na badala ya kuelekea kwa punda akaelekea kwenye ngazi. Nilimfuata na kipande cha gunia. Alipanda bila kushika popote, mkono mmoja kwenye ukanda, mwingine umekusanya pindo la gauni. Hakuna mama aliyewahi kupanda pale. Tulipofika juu aliteremsha mtungi, akanyoosha mgongo, na kwa muda akasahau tulichokuja kufanya. Aliitazama nchi yote ilivyokuwa ya rangi ya kahawia, mashamba na vichaka na barabara ya vumbi.

"Nyumba yetu inaonekana," alisema.

"Wapi?"

Alinionyesha. Bati lilimetameta, dogo kama sarafu. Sikuwahi kuiona nyumba yetu kutoka mbali namna ile, na nadhani hata yeye.

"Haya, kaa vizuri. Funika magoti."

Nilikaa juu ya gunia. Aliinamisha mtungi, maji yakapita chini yangu yakiwa na ubaridi wa asubuhi, na nikaenda.

Miaka mingi baadaye nilinunua sokoni kitabu cha fizikia kisicho na jalada, nikijisomea mwenyewe usiku baada ya kazi. Sura ya msuguano haikunisumbua hata kidogo. Nilikwisha kuisoma kwa makalio. Kaka yangu alisema kweli kuhusu kona: tumbo lilibaki nyuma. Alichokosa kuniambia ni kwamba kwenye kona unaona anga peke yake, na kwa kitambo hicho huna uzito wala mtungi. Kisha bwawa likanipokea. Maji yalikuwa ya magotini tu, nikagonga saruji, na maumivu yale niliyabeba wiki nzima nikikaa upande mmoja.

Nilisimama. Nikalikamua gauni langu ndani ya bwawa mbele ya watu wote, pindo hadi kiuno, kama nilivyoahidi. Kaka yangu alikuwa ameshika kamba ya punda, akijifanya anafungua fundo.

Mwenyekiti alimwita mwaitu kutoka chini. "Na wewe shuka hivyohivyo!"

"Ngazi ipo," mwaitu alijibu, akashuka kwa ngazi na mtungi mtupu, akaujaza tena.

Maji yale yalipikia muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, jioni ile. Kaka yangu aliangalia sahani yake, akasema haiwezekani ale kitu kilichopikwa kwa maji yaliyopita chini ya dada yake.

"Yamepita chini yako pia, tangu mwaka jana," mwaitu alimwambia. "Kula."

Alikula, akaongeza.

Mvua ilirudi, jabali likateremsha maji kama zamani, na bwawa likajaa hadi ukingoni. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Mzee angeweza kufungua tena. Lakini alikuwa amekwisha kulikabidhi bwawa kwa kikundi cha akina mama, na akina mama walilifunika kwa mabati, wakaweka bomba na kufuli. Maji yaliyokwisha kuingia kwenye vyungu vya watu hayawezi kurudi kuwa ya kuogea watoto. Hakuna aliyelisema hilo kwa sauti, kwa kuwa hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mzee mwenyewe aliteremsha lile pipa kutoka kileleni, akalitumia kukingia maji ya paa lake. Bembea ilinyamaza. Mtelezo wenyewe bado umesimama, rangi nyekundu imebanduka isipokuwa kwenye kona, ambako jua halifiki vizuri.

Kaka yangu ni mtu wa heshima sasa, ana duka katika mji mdogo wa Kwa Vonza. Tukikutana sikukuu huwaambia wanawe kwamba yeye ndiye mtoto wa mwisho kuteleza pale. Mimi husubiri amalize, kisha nasema hapana. Huwa anataka kubisha. Ndipo mwaitu, ambaye siku hizi hasikii vizuri lakini hilo hulisikia, husema kutoka kwenye kiti chake:

"Maji niliyamwaga mimi mwenyewe."