Mtu Anayeshushwa Kwanza

Vitabu vyote vya Akinyi nimevishona mimi. Nasema nimevishona, maana kuna watu hapa senta wanapita wakisema vilikuwa vikaratasi vya kubana kwa stepla. Waongo. Cherehani yangu hii ya kushonea sare za shule ndiyo iliyopita katikati ya kila kitabu, kwa uzi mweusi na sindano ya jinzi. Anayebisha alete chake tukifumue.

Duka lake na kibanda changu viligawana ukuta mmoja wa bati, upande wa Tarime, kwenye njia iendayo machimboni. Mimi nilitoka Bukoba nikimfuata mume aliyeifuata dhahabu. Mume alipata dhahabu kidogo na mwanamke mwingine, nami nikabaki na mwanangu Huruma na cherehani. Akinyi yeye alizaliwa Shirati, na mumewe Otieno alikuwa mchimbaji mdogo, wa duara, yaani shimo la dhahabu la kuchimba kwa mikono. Dukani walitoa kopi za vyeti na picha za pasipoti, lakini hiyo ilikuwa kazi ya kulipia umeme tu. Kazi aliyoipenda ni kutunga michezo ya mezani, kuichapa na kuiuza.

Usifikirie bao wala drafti. Mchezo wake ulikuwa wa kusema. Mtu mmoja ananunua kitabu, anakuwa msimulizi. Wenzake kila mmoja anajitungia mtu wake: huyu mchimbaji, yule mama lishe, mwingine polisi wa kula rushwa. Msimulizi anasema, "Mmefika kwenye duara, chini mnasikia maji, mnafanya nini?" Kila mmoja anaeleza mtu wake anafanya nini, na penye hatari wanatupa dadu. Hivyo tu, na watu wazima walikuwa wanasahau kwenda kula.

Aliujulia Robanda, alipokuwa anafua mashuka kwenye kambi ya watalii. Mvua iliwafungia wageni ndani siku nzima, wakatoa dadu zao na kijitabu, wakamwita naye akae. "Walinipa niwe malkia," aliniambia, "nikawafilisi wote." Aliporudi nyumbani akatunga wa kwake, akauita Duara, na badala ya mazimwi ya Kizungu akaweka matimba yaliyooza, zile nguzo za kuzuia kuta za shimo, mizani ya wizi na mganga anayedai kondoo mweusi.

Alikuwa na utaratibu wake wa biashara ambao mimi niliuona wa kichaa. Msimulizi akitaka kitabu kinachofuata, hauziwi mpaka akae kwenye benchi la dukani asimulie kilichotokea mezani kwake kwa kile cha kwanza. Nilimwambia, "Mwenzangu, hivi unauza au unafanya upelelezi?" Akacheka. Alisema bila kusikia watu wanavyocheza, atakuwa anaandika gizani. Basi wakaja, kutoka Morotonga, kutoka Machochwe, wengine na vumbi la bodaboda mpaka kwenye nyusi, wakakaa wakasimulia kama watu waliotoka vitani.

Kisha duara la akina Otieno likatitia.

Ilikuwa masika, udongo umelewa maji. Waliokuwa chini walitolewa wote, wazima kwa maiti, isipokuwa yeye. Alikuwa mbele kuliko wenzake, kama kawaida yake. Kila siku yeye ndiye aliyeshushwa kwanza kuonja hewa na kugonga matimba. Wenzake walichimba mpaka ukuta wa pili ukaanza kumwagika, wakaambiwa waache. Duara likafukiwa. Akinyi alisimama pale na kanga yake mabegani, hakulia. Nilimshika mkono, ulikuwa wa moto kama wa mwenye homa.

Wajaluo hawamwachi mtu wao hivi hivi. Aliyepotea majini au ardhini, mwili ukakosekana, wanachuma yago, lile tunda refu na zito la mti wa mwegea, wanalivisha sanda na kulizika nyumbani kwao kwa heshima zote, ili mwenyewe apate pa kulala. Ouko, kaka yake Otieno, aliyekuwa akishika boma lao upande wa Sirari, alikuja na tunda lenyewe limefungwa kwenye shuka jeupe. Akalilaza kwenye benchi la dukani. Mimi Mhaya, sikuwa nimewahi kuliona jambo hilo, nikajikuta nimevua viatu.

"Nyar Shirati," Ouko alisema, maana ndivyo alivyomwita shemeji yake, binti wa Shirati, "twende tukamlaze bwana. Nyumbani wanangoja."

"Shemeji, nimlaze nani?" Akinyi alisema. "Mimi sijaona maiti. Hilo ni tunda."

"Ni yeye."

"Basi mimi si mjane wa tunda. Lirudishe."

Ouko alimwangalia sana. Angeweza kugomba, ni mkubwa, na kwao neno la shemeji mkubwa si la kupuuzwa. Alilibeba tu tunda lake, akasema ataliacha chini ya mti wake lioze, atachuma jingine siku shemeji atakapokuwa tayari. Nilikasirika kwa niaba ya Ouko, nasema kweli. Nilimwambia Akinyi ana kiburi. Akaniambia nishone.

Nilichoshona miezi ile kilikuwa kitabu kipya cha Duara. Ndani yake kulikuwa na mtu mmoja asiyechezwa na mchezaji yeyote, aliyeitwa Mtangulizi. Mtangulizi alikuwa mchimbaji ambaye duara lilimfunika na hakupatikana. Kundi lolote linaweza kumwita, na yeye atashuka mbele yao popote pabaya, kwenye maji, kwenye hewa mbovu, kwenye kishimo kipya. Hafi. Chini ya maelezo yake Akinyi aliandika sharti kwa herufi nzito: Asiyezikwa hajafa. Mtangulizi akiangukiwa leo, kesho mwiteni tena.

Niliusoma ukurasa huo sindano ikiwa hewani. Nikamwuliza, "Huyu si Otieno?"

"Sijaandika Otieno popote," alisema.

Kweli hakuandika. Wala sura, wala kabila, wala sauti. Shika hilo.

Kitabu kilitoka kama maandazi ya asubuhi. Nani asiyetaka mtu wa kushuka kwanza, asiyekufa? Wa kwanza kurudi kukaa kwenye benchi alikuwa Mboje, Msukuma mwenye kucheka ovyo, msimulizi wa kundi la wachimbaji hapa hapa. Alisimulia, akafika kwenye Mtangulizi, akasema, "Yule jamaa ni kituko. Kabla hajashuka anapiga hodi kwenye shimo. Halafu anangoja ajibiwe!"

Akinyi akaweka chini karatasi alizokuwa ameshika. "Hiyo umeitoa wapi, Mboje?"

"Sijui. Imenijia tu nikiwa nasimulia."

Otieno alikuwa anapiga hodi. Kila asubuhi, kwenye duara, kofia mkononi, wenzake wakimcheka. Nilimwambia Akinyi kwamba Mboje lazima aliwahi kumwona, machimbo ni haya haya. Lakini wiki ileile akaja kijana wa Machochwe ambaye hajawahi kukanyaga mgodini maishani, anachunga ng'ombe wa babake. Mtangulizi wao naye alipiga hodi. Akija wa Morotonga, hodi. Mmoja akaongeza kwamba Mtangulizi wao akila ugali anaanzia katikati, pembeni anaacha. Nilikuwa nimepika kwa miaka mlango wa pili na mtu yule. Nilijua nani aliacha pembeni.

Ukidhani Akinyi aliogopa, humjui. Alifurahi. Hapo ndipo mimi nilipoanza kuogopa. Siku ambayo msimulizi anatarajiwa, alioga, akasuka nywele, akachemsha chai ya maziwa kama mke anayepokea salamu za mumewe kutoka safarini. "Anasemaje?" alikuwa anauliza. "Yuko mzima? Amevaa nini?" Na wale watu, ambao walikuja kununua mchezo, wakaanza kumjibu kwa sauti ya chini kama wako hospitali. Aliendelea kuchapa, mimi nikaendelea kushona. Kila kitabu kilichotoka, mahali pengine tena palipata Mtangulizi.

Baadaye habari zikabadilika. Mboje alikaa kwenye benchi bila kucheka. Alisema Mtangulizi siku hizi anachelewa kushuka. Anasimama. Anapumua. Wachezaji wanampigia kelele, naye anauliza swali moja tu, "Nani ananishusha?"

"Na wewe unamjibu nini?" Akinyi aliuliza.

"Dada, mimi ndiye ninayemsemea. Ninajiuliza mwenyewe, halafu sina jibu."

Wa Machochwe alipokuja, swali lilikuwa lilelile.

Akinyi alifunga duka, akanishika mkono, tukaenda Robanda. Huko kulikuwa na msimulizi aliyeitwa Batholomeo, mlinzi wa kambi, mtu mkimya ambaye siku za mapumziko aliwakusanya wenzake kwenye banda walilolindia mahindi dhidi ya tembo. Hakumjua Otieno, na Akinyi hakujitambulisha kama mtunzi. Alisema ni mgeni anayependa mchezo, wakamkaribisha acheze. Walikuwa watu wanne, saa za mchana, jua kali, mahindi yametulia tuli. Hata ndege hakulia. Nilikaa mlangoni nikijifanya napepea uso.

Walicheza vizuri tu, wakataniana, mpaka wakafika kwenye kishimo chenye hewa mbovu. Mmoja akasema, "Mwiteni Mtangulizi." Ilikuwa zamu ya Akinyi, kwa hiyo yeye ndiye alitakiwa kumwita. Akamwita.

Batholomeo akaziweka dadu mezani. Alipoanza tena sauti yake ilikuwa ileile ya lafudhi ya Kiikoma, nzito, ya pole. Haikugeuka, haikutetemeka, na hilo ndilo lililonimaliza. "Amekuja," alisema. "Amekaa chini. Miguu imelowa. Anasema asubuhi alikuwa anashushwa Morotonga, mchana huu Machochwe, na kabla hajajipangusa mmemwita huku. Anasema hajalala tangu siku ile ya mvua."

Mchezaji mmoja akacheka kidogo. "Si ndiyo kazi yake? Mshushe, dada."

"Anauliza," Batholomeo akaendelea, macho kwenye dadu, "ni nani aliyeandika kwamba yeye hazikwi."

Nilimwona Akinyi akiinama mpaka paji la uso likagusa meza. Aliponyanyuka alisema, "Simshushi. Namzika."

"Huwezi," yule mchezaji alisema, akifunua kitabu. "Hapa wameandika, anaitwa tena kesho."

"Nimeandika mimi. Soma mwanzo wake."

Akasoma: "Asiyezikwa hajafa."

"Ndiyo," Akinyi alisema. "Asiyezikwa."

Njiani kurudi nilimwambia avikusanye vitabu vyote tuvichome, dhambi ya cherehani yangu nitaitubu mwenyewe. Akatikisa kichwa. Vilikuwa vimeshasambaa mpaka ng'ambo ya mpaka, kwa watu asiowajua hata kwa jina. Vingine vimetolewa kopi na maduka mengine. Wangeendelea kumwita na yeye angeendelea kuitika, kwa sababu sharti linawapa haki. "Lakini sharti halimgusi aliyezikwa," alisema. "Niliyefunga mlango ni mimi, mama Huruma. Yeye amekaa huko anatumwa na kila mtu, mimi napika chai."

Alimpigia Ouko simu tukiwa bado Mugumu. Hakuomba radhi kwa maneno mengi. Alisema, "Shemeji, nenda kwenye mti."

Tulimzika bomani kwao. Ouko alichuma tunda jipya, akina mama wakalivisha sanda, likawekwa kwenye jeneza dogo la mbao. Tunda lile asubuhi nililiona likibebwa na binti mmoja mkononi. Mchana waliliinua wanaume wanne, wakatoka jasho, na mmoja wao aliomba wapumzike katikati ya ua.

Kwenye kaburi wakamngoja Akinyi, maana mke ndiye wa kusema neno. Miaka yote niliyokaa naye ukuta kwa ukuta sikuwahi kumsikia akilia, wala siku ya duara, wala usingizini. Alisogea ukingoni, akashika kamba pamoja na wanaume.

"Otieno," alisema, "nilikuwa nakushusha mimi. Nilitaka usiondoke. Hii ndiyo ya mwisho, baba, baada ya hii lala."

Wakaachia kamba polepole, naye akaachia pamoja nao. Jeneza lilipogusa chini likawa jepesi, kamba zikalegea mikononi mwao wote kwa wakati mmoja. Ndipo Akinyi akapiga yowe na kulia, kama mwanamke aliyeletewa habari asubuhi hiyohiyo kwamba mumewe amekufa.