Mama Aliyekataa Kungoja

Nilikuwa kwenye benchi la kituo cha afya, Kibiti, nimepeleka goti langu linaloniuma, alipoingia mama mmoja wa kijiji cha Mtawanya amembeba bintiye. Hakukaa. Alikwenda moja kwa moja mlangoni kwa muuguzi.

"Mwanangu, kuna foleni," akasema bibi aliyekuwa mbele yangu. "Sote tunaumwa."

"Shikamoo, bibi. Huyu anatibiwa saratani ya damu." Akaifunua kanga kidogo, tukaona mrija mwembamba umetoka kifuani kwa mtoto, umefunikwa plasta safi. "Dawa zake hupitia hapa. Madaktari wake wa Dar wameniambia akipata homa nisingoje, maana vijidudu huenda vimeingia kwenye damu kupitia mrija. Leo amechemka."

Bibi akajivuta pembeni. "Mpisheni."

Muuguzi aliwapigia simu madaktari wa Dar, akanawa mikono kwa sabuni, akavaa glavu. Mama akauliza taratibu, "Na kizibo cha mrija utakisugua, dada?"

"Nitakisugua kwa spiriti, kisha nikiache kikauke."

Akatoa damu ya kupima, ndipo akapitisha dawa ya kuua vijidudu mrijani. Gari la wagonjwa likaondoka nao kwenda Dar.

Juzi nimewakuta stendi wakienda kliniki, mtoto anamenya chungwa. Mama akaniambia mrija ule ulitolewa, dawa zikaua vijidudu, mtoto akawekewa mwingine na tiba ya saratani inaendelea.

Sisi tumelelewa kwamba mstaarabu hungoja zamu yake. Ni kweli, ila homa ile haikulelewa nasi.