Ngazi Tisini na Moja

Kila asubuhi, kabla ya kugusa uji, mzee wa Kijapani wa chumba namba sita katika nyumba ya kutunzia wazee hugeuza karatasi ya sinia na kuuchora mji alikozaliwa. Vidole vyake hutetemeka vikishika kijiko, lakini vikishika kalamu hutulia tuli. Huanza na ghuba, kisha mtaa wa wakausha samaki, kisha ngazi za mawe zinazopanda mlimani hadi hekaluni, tisini na moja, na nesi Kagendo akimharakisha huanza upya. Chini ya ngazi ya arobaini hachori nyumba hata moja. "Maji ya bahari yalifika hapa," husema akipagonga kwa kalamu, ndipo hula.

Siku king'ora cha kimbunga kilipolia mjini Grand Prairie, mbali na bahari yoyote, Kagendo na mwenzake Prudensia waliwakusanya wazee wote kwenye korido ya chini. Mmoja hakuwepo. Kagendo alimkuta kwenye ngazi za kwenda ghorofani, miguu mitupu, chini ya dirisha kubwa lililokuwa likitikisika.

"Kagendo, mlete huku, kioo hicho kitapasuka," Prudensia aliita.

"Mzee, tushuke. Huu ni upepo, si maji." Akapanda ngazi mbili, akampa mkono.

Mzee aliuachia ukingo wa ngazi. Vile vidole visivyoweza kijiko vikambana kama koleo. "Panda, mwanangu," alisema kwa upole, akaanza kumvuta juu, akizihesabu ngazi.