Madumu Kwenye Mstari wa Dresa

Haya niliyaandika kwenye daftari siku ya pili yake, mengine nikayaongeza baadaye, na sina hakika niliandika sawa, maana masomo yangu yaliishia darasa la saba. Lakini nilikuwepo, tena mbele kabisa. Mimi ndimi niliyeshika picha.

Picha ilikuwa ya Dresa. Huku Ganze tulimwita hivyo kwa sababu miaka mingi alikuwa akifunga watu vidonda pale zahanati. Kisha akawa diwani, akasimama barazani kuuliza kwa nini bomba lifike mahotelini na huku mama atembee nusu siku kwa dumu moja la maji. Wakamwita mpinzani. Siku zile chama kilikuwa kimoja, na neno hilo lilitosha. Akasimamishwa kwenye chama, kiti akakipoteza, akarudi kuchoma makaa kama sisi. Aliporudishiwa kadi ya chama akasema anasimama tena. Akishindwa safari hii ndiyo basi, na sote tulilijua hilo.

Mshindani wake, diwani aliyekuwepo, nisimseme vibaya. Siku ya kura alileta lori la maji pale uwanja wa shule na hakumnyima mtu wetu hata mmoja. Mimi mwenyewe nilikunywa vikombe viwili, na picha ya Dresa mkononi.

Kura yenyewe ilikuwa ya kupanga mstari nyuma ya picha ya umtakaye. Watu wetu walifika jua halijatoka, wanawake wakiwa na madumu ili wapitie bombani wakirudi. Saa tano afisa wa kuhesabu hajaonekana, na jua linachoma. Basi wanawake wakafanya kama wafanyavyo bombani kila siku: kila mmoja akaacha dumu lake mstarini limshikie nafasi, akaenda kukaa kivulini nyuma ya madarasa. Niliona, nikanyamaza. Wakala wa Dresa nilikuwa mimi, na kosa ni langu.

Saa sita afisa akaja, mgeni wa kutoka bara, akapuliza filimbi. Mistari imefungwa, hakuna kuingia tena. Nyuma yangu walisimama wanaume wachache na madumu chungu nzima.

"Wakala," akaniuliza akicheka, "dumu nalo lina kadi ya chama?"

Mstari wa pili, wa mshindani, ukaangua kicheko. "Hesabuni na masufuria!" mmoja akapiga kelele.

Wanawake wakaja mbio. Afisa akawazuia kwa mkono. Bibi mmoja akamsogelea hadi karibu kukanyaga viatu vyake. "Mwanangu, wewe umefika saa sita. Mimi nimefika alfajiri. Hilo dumu lenye kizibo cha gunzi ni mimi."

"Mama, sheria inataka mtu, si dumu."

Nilimtazama Dresa. Alikuwa amekaa kwenye jiwe, kichwa chini. Aliyesema ni mama wa mstari wa pili, mtu wa mshindani kabisa, mtandio wa kijani umefungwa kiunoni.

"Bwana afisa, nafasi ya dumu ni nafasi. Tukiikana leo, kesho bombani tutang'oana nywele. Mimi simtaki huyo Dresa wao, lakini wale walikuwa mbele yetu tangu asubuhi."

"Kweli!" wakaitikia wenzake. Wakala wao akajaribu kuwanyamazisha, mkewe akamwambia, "Wewe nyamaza, dumu hulibebi."

Afisa alijipangusa jasho. Akasema kila mtu asimame kwenye dumu lake, na dumu likipata wenyewe wawili, wote wawili watoke. Walipita wakajipanga, na hakuna waliogombana hata kwa dumu moja.

Ila nilimwona shemeji yangu kwenye dumu la mamake, na kadi ya mamake mkononi. Bombani inaruhusiwa. Kwenye kura haifai. Nikamwambia afisa, akamtoa.

"Wakala gani wewe!" watu wetu wakanizomea. Shemeji alikaa miezi bila kunisalimu.

Tukahesabiwa. Dresa alishinda kwa kura kumi na moja. Hadi leo najiuliza: kama ningejua tofauti itakuwa kura moja tu, ningesema? Sijui, wala sitaki kujisifu.

Afisa alisoma matokeo mara mbili, vigelegele vikazima ya pili. Mshindani akaja kumshika Dresa mkono. Vijana wakamnyanyua Dresa mabegani, wakamzungusha uwanja mzima, vumbi juu, na mimi nyuma yao nalia waziwazi bila haya.

"Mshusheni, jamani!" yule bibi wa kizibo cha gunzi akapaza sauti. "Mtamvunja bure, na diwani wetu ana kazi!"