Pigo la Mama

Shuleni baba yangu anaitwa Mzee Kengele, ingawa alichokuwa akigonga ni rimu ya gurudumu la lori, iliyoning'inizwa kwenye boriti ya baraza. Alikuwa na kipande chake cha nondo, na ole wake atakayekigusa. Kila jioni, akishagonga ya kuwaruhusu wanafunzi, alitulia kidogo, kisha akaongeza pigo moja jepesi. Hilo lilikuwa la mama. Nyumba yetu iko nyuma ya ukuta wa shule, na mama akilisikia alibandika chai. Hadi leo chuma kikigongwa popote, nasikia harufu ya ile chai.

Kisha ikaja kompyuta na spika zake. Ikapewa kazi ya kengele, nami, mwalimu wa kompyuta, nikapewa kazi ya kuitunza. Baba akabaki na ufagio na funguo. Hakulalamika, ila nondo hakuitupa.

Muhula huu nikaisasisha ile programu ya ndani kabisa, inayoiamsha kompyuta kabla ya kitu kingine chochote. Kimbelembele changu kikaniponza. Kesho yake asubuhi ilikaa muda mrefu na kioo cheusi kabla ya kuwaka, wanafunzi wanakimbizana uwanjani na saa ya somo la kwanza imeshapita. Mwalimu Mkuu akafoka: "Mpaka ipone, Mzee Kengele agonge siku nzima!"

Baba alitembea kama bwana harusi. Jioni ile nililisikia tena pigo la mama, machozi yakanilengalenga kama mtoto.

Ili kompyuta iwake upesi, nikachomoa printa, nikapunguza programu zinazojiwasha zenyewe. Wapi! Baba akaja kuchungulia dirishani.

"Haraka haraka haina baraka, mwanangu."

"Baba, unamwombea mgonjwa wangu afe?"

"Namwombea apumzike tu."

Hatimaye nikaona kosa. Masasisho yalikuwa yamefuta mpangilio wake wa kuwaka. Badala ya kwenda moja kwa moja kwenye diski yake, ilianza kutafuta kwenye waya wa mtandao kitu cha kuiwasha, ikangoja weee, ikakata tamaa, ndipo ikaigeukia diski. Nikairudisha diski mbele, ikawaka mara moja. Nilitamani kunyamaza, lakini kazi ni kazi. Nikamwambia baba.

"Vizuri," akasema. Akaifuta nondo kwa kitambaa, akaiegemeza nyuma ya mlango wa ofisi.

Jioni spika zikalia kwa wakati. Tukarudi nyumbani pamoja, tukamkuta mama ameketi na jiko halijawashwa.

"Mama, leo hukusikia kengele?"

"Ya shule nimeisikia," akajibu, bila kumtazama baba. "Yangu bado."

Baba hakuvua hata kofia. Aligeuka, akatoka. Mama akaisogeza sufuria, akashika kiberiti mkononi, na hakukiwasha mpaka tulipolisikia pigo lake.